Wana Kigoma tuongee ukaguzi wa mazao mpakani: cha kula kipite haraka, cha kupanda kisimame

MwanaBuhigwe

Wakuu habari zenu. Huku kwetu mpakani ubishi ni uleule kila siku, wengine wanasema wakaguzi wa mazao wanawasumbua bure akina mama wanaovuka na vikapu, wengine wanasema hawakazi ndo maana mashamba yanaisha. Mimi nalima migomba Buhigwe na nina mashemeji ng'ambo Burundi kama walivyo watu wengi wa huku, naomba niseme ninachokiona alafu na nyie mseme.

Kwanza tusichanganye mambo. Ukaguzi wa afya ya mimea siyo ushuru. Mtu wa kodi anatafuta hela ya serikali, huyu mwingine anatafuta mdudu, kirusi, bakteria, mbegu za magugu. Kwa sasa kazi hii iko chini ya TPHPA, yani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, imeundwa na sheria namba 4 ya mwaka 2020 na ndo wamerithi kazi za ile TPRI, taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha. Ukitaka kuingiza mche au mbegu unatakiwa uwe na kibali kabla mzigo haujaondoka unakotoka, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi hiyo. Siyo utaratibu tuliobuni sisi, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea ni wa tangu 1951.

Sasa njoo kwenye mkoa wetu. Tuna Manyovu, tuna Mabamba kule Kibondo, tuna Kagunga, bandari ya Kigoma, Kibirizi, Ujiji, maboti yanatoka Uvira, Baraka na Kalemie kule Kongo, Rumonge Burundi, mengine mpaka Mpulungu Zambia. Na katikati ya hayo mageti kuna njia za miguu hazihesabiki, mtu anashuka bonde anapanda kilima kashafika kwa mama mkwe, anasalimia anakula anarudi jioni na kitu mkononi. Mkaguzi atakaa wapi na wapi?

Ugonjwa unaoninyima usingizi ni huu wa migomba kudumaa na majani kusongamana juu, wataalamu wanauita BBTD. Kongo ulionekana Yangambi tangu miaka ya 1950, bonde la Rusizi, mpakani mwa Kongo na Burundi, ulishasambaa miaka ya 1980, na hapa Tanzania ulikuja kugundulika wilayani kwetu Buhigwe mwanzoni mwa miaka hii ya 2020. Yani umetembea polepole miaka yote hiyo mpaka umetufikia, na huo mwendo ni wa watu.

Kwa ambao hawajauona niwaeleze. Mgomba unakua lakini majani mapya yanatoka membamba, mafupi, yamesimama wima yamebanana juu, kingo zina unjano. Ukilikata jani ukageuza upande wa chini ukalielekeza kwenye mwanga, pale kwenye kikonyo na kwenye mshipa wa kati utaona vidoti na vistari vya kijani kilichokoza, vimekatikakatika. Ukiona hivyo basi, huo mgomba hauzai tena, na kama ukizaa ni kimkungu cha kusikitisha. Dawa ya kuutibu haipo, unang'oa shina lote.

Anayesambaza ni vidukari, vile vidudu vidogo vyeusi vinavyojificha kwenye ala za majani chini, ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mgomba chunguza hapo. Ila kidukari safari yake kwa kawaida ni fupi, shamba kwa shamba. Safari ya kilomita hamsini au mia inafanywa na binadamu aliyebeba mche. Na kibaya zaidi mche unaweza kuwa umeshaambukizwa na hauna dalili yoyote, dalili zinakuja baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine karibu miezi 3. Kwahiyo hata mkaguzi awe na macho makali kiasi gani, ukimpitishia mche kama huo pale getini ataona mche mzuri wa kijani.

Hoja yangu ndo hii. Tunatumia nguvu nyingi sehemu isiyo na hatari kubwa na tunalegea kwenye hatari yenyewe. Mama mwenye ndoo ya maharage ya kwenda kula anasimamishwa nusu siku juani, wakati kijana wa bodaboda kafunga machipukizi kumi ya migomba na mzigo wa pingili za mihogo kwenye keria anapita njia ya nyuma, na akifika kijijini anapongezwa kwa kuleta mbegu nzuri. Mimi nasema cha kula kikaguliwe upesi kipite, cha kupanda kisimame, kiwe kimetoka geti kuu au kwa shemeji. Na ukaguzi wa cha kupanda usiishie getini, uende shambani, maana kirusi kinajionyesha huko.

Mihogo nayo ni hivyohivyo. Ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia umeandikwa kwa mara ya kwanza hapahapa Tanganyika, kituo cha Amani kule Tanga, mwaka 1936. Majani yanaweza kukudanganya kabisa, shina unaliona zuri, unakata pingili unapanda ekari nzima unapalilia, siku ya kuchimba ndo unakuta kiazi ndani kina madoa ya kahawia kimekauka, hakifai hata kwa makopa. Mwaka mzima umeenda. Hiyo pingili haikupita mbele ya mkaguzi yeyote, ilitoka kwa jirani.

Karibuni wakuu.

MtotoWaKibirizi

Umeongea ukweli mkuu ila usisahau ziwa. Mimi nipo hapa Kibirizi napakia na kupakua, boti ikifunga alfajiri ni vurugu, kila mwenye mzigo anataka awahi soko. Mkaguzi akija anachukua bambo anachoma gunia mbili tatu, anamwaga kwenye kiganja, anapuliza vumbi, anaangalia kama punje zina matundu. Gunia za chini hafiki. Simlaumu, mtu mmoja au wawili na maboti yamejipanga, utafanyaje.

Ila kero yangu ni nyingine. Kuna geti moja la mkoa huu silitaji nilishawahi kupeleka mzigo wa mahindi ulionyooka una karatasi zote, nikaambiwa nitoe hela ya "kuharakisha" na risiti hakuna. Sasa kama kilicho safi kinalipa na kichafu kinalipa, tofauti iko wapi, huyo mwenye kichafu atapita tu. Hili jambo linaua ukaguzi kuliko upungufu wa watu.

Mnyamwezi_wa_Urambo

Naomba niingie toka Tabora maana hoja ya "cha kula kipite haraka" inaniogopesha kidogo. Sisi huku tuna kumbukumbu mbaya. Dumuzi, yule mdudu anayesaga mahindi ghalani, kwao ni Amerika ya Kati na Mexico. Afrika Mashariki alionekana kwanza mkoa wetu wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 kuelekea 1980, na hakuja kwenye mche wala kwenye mbegu, kaja ndani ya mahindi ya chakula. Toka hapa akatapakaa nchi nzima, akavuka kwa majirani, leo yupo nchi nyingi sana za Afrika.

Vijana hamjui ilivyokuwa. Wazee walikuwa wanahifadhi mahindi na magunzi yake kwenye kihenge, juu ya moshi wa jiko, na yanakaa mpaka msimu mwingine bila shida. Alipoingia huyu mdudu unafungua kihenge unakuta gunzi limesimama limejaa matundu, ukiligusa linamwagika unga, punje hakuna. Na anatafuna mpaka muhogo mkavu, mpaka mbao za kihenge chenyewe. Dawa ya unga iliyokuwepo ilikuwa inaua fukusi wa kawaida tu ila yeye haimwezi, ndo ikabidi zichanganywe dawa mbili kwenye kopo moja, hizi mnazozijua za Actellic Super. Kila mkulima wa mahindi nchi hii analipia hiyo dawa kila mwaka hadi leo kwa sababu ya mzigo uliopita bila kuangaliwa vizuri wakati ule.

Kwahiyo nafaka kavu usiiweke kundi moja na nyanya na maharage mabichi mkuu, nakuomba.

MwanaBuhigwe

Mnyamwezi nimekupata, na ni kweli kabisa, nafaka inayokwenda kukaa ghalani ni kundi lake, hiyo bambo ichomwe mpaka gunia za chini kama MtotoWaKibirizi anavyosema. Ninachokataa ni kumkagua mama wa sado moja kwa ukali uleule wa lori la tani 30. Lori ndo linaloingia ghalani likakaa miezi.

Kasulu_Hoja

Wakuu samahani mimi naona mnajisumbua. Viwavijeshi vamizi waliingia Afrika 2016 kule magharibi, 2017 tayari wako Rukwa wanakula mahindi. Nondo wake anaruka kilomita mia kwa usiku mmoja. Sasa nani atamwomba nondo kibali? Kantangaze naye wa nyanya, katoka Amerika ya Kusini, 2014 yuko Tanzania. Wadudu wanaingia tu, hela hizo bora zipelekwe kwenye dawa na mbegu zinazovumilia.

Na tukiongea ukweli haya magonjwa ya migomba yameletwa na wakimbizi, kambi za Nyarugusu na Nduta zimekuwa hapahapa kwetu.

MwanaBuhigwe

Kasulu_Hoja, la nondo nakuunga mkono, hakuna geti linalozuia mwenye mabawa makubwa, pale kazi ni kutega mitego na kuwahi kumuona. Lakini hiyo ndo sababu ya kuweka nguvu kwa wale ambao hawawezi kuvuka bila sisi. Mche wa mgomba hauna miguu. Pingili haina mabawa. Na hata kantangaze husafiri kwenye matenga ya nyanya, wewe mwenyewe unajua tenga linazunguka masoko mangapi kwa wiki moja.

La wakimbizi sikubaliani nalo na naomba tusiendeleze. Mtu anayekimbia risasi usiku na mtoto mgongoni hang'oi machipukizi ya migomba. Ugonjwa umekaa bonde la Rusizi tangu miaka ya 1980, na miaka yote hiyo nani alikuwa anavuka na miche kwa utulivu wake? Ni sisi, wafanyabiashara na ndugu wa damu, pande zote mbili. Harusi, misiba, minada, masoko ya ujirani mwema. Tukimsingizia mkimbizi tutaacha mlango wenyewe wazi.

MamaMichikichi

Naomba na mimi niongee kuhusu michikichi maana wote mmeng'ang'ania ndizi. Tangu Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, aanze ile kampeni ya michikichi 2018 watu wana hamu sana ya kupanda, kituo cha utafiti wa kilimo TARI Kihinga wanazalisha miche ya tenera, yani aina ya kisasa yenye mafuta mengi, lakini mahitaji ni makubwa, kwahiyo kuna watu wanavusha mbegu kutoka Kongo kwenye maboti, wanakuuzia kwa bei ya chini wanakuambia ni tenera ya kisasa.

Hapo kuna hatari mbili. Ya kwanza unapigwa, mchikichi unakuja kuzaa baada ya miaka mitatu minne ndo unagundua ni dura ileile ya babu, kokwa nene mafuta kidogo. Ya pili ndo inanitisha zaidi, Kongo kuna mnyauko wa michikichi unaosababishwa na fangasi wa kwenye udongo anayeitwa fuzari, anaziba mishipa ya mti, majani yanavunjika yananing'inia kwenye shina mti unakufa. Huyu fangasi anaweza kusafiri na mbegu. Na akishaingia kwenye udongo wako hatoki, utapanda tena utazika tena. Sisi Kigoma mawese ndo shule za watoto, ndo nyumba, tukiingiza kitu hicho kwa ajili ya kuokoa hela kidogo ya mche tutajuta.

Mimi kitaluni kwangu nauliza karatasi. Asiye na karatasi simpokei hata kama ni mjomba, amenuna karudi kwao na mbegu zake, basi.

Ughaibuni_Mha

Nipo Australia miaka kadhaa sasa, nimesoma uzi wote. Hiyo BBTD mnayoisema huku iliingia mwaka 1913 kutoka Fiji, na kufika miaka ya 1920 kilimo cha ndizi kusini mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales kilikuwa kimeporomoka, mashamba mengi sana yametelekezwa. Kuna mtafiti anaitwa Charles Magee ndo alionyesha kwamba ni kirusi na kinabebwa na vidukari pamoja na miche. Baada ya hapo wakaweka sheria kali, huruhusiwi kupanda mgomba bila kibali, huruhusiwi kuhamisha mche, na wakaguzi wanapita shamba hadi shamba wakiukuta wanaung'oa. Kilimo kikarudi. Kirusi hakijaisha kabisa lakini wamekidhibiti, na ukaguzi wa mashamba haujasimama.

Kwahiyo MwanaBuhigwe hoja yako ya kwenda shambani ina ushahidi wa miaka mia.

Na kuhusu wasafiri, New Zealand jirani hapa ukishuka uwanja wa ndege na tunda ambalo hujalitaja kwenye fomu faini ni dola 400 za kwao papohapo. Lakini sikilizeni hapa, ukilitaja mwenyewe hawakupigi faini, wanalichukua tu wanalitupa au wanakuruhusu. Marekani wana mbwa wadogo aina ya beagle wananusa mabegi, walianza 1984 uwanja wa Los Angeles, nako ukisema mapema umepona. Huo utaratibu wa kumpa mtu nafasi ya kusema kwanza ungesaidia sana Manyovu, maana watu wengi wanaficha kwa woga siyo kwa ubaya.

MtotoWaKibirizi

@Ughaibuni_Mha hapo kwenye kusema kwanza umenigusa. Huku mtu akisema nina miche anaona kajipeleka mwenyewe, kwahiyo anafunika na turubai. Wangeweka hata shimo la kuchomea pale pale, toa mche wako, tunauchoma, nenda salama, hakuna faini. Watu wangetoa.

Mfanyabiashara_Uvinza

Mimi naongelea upande wa soko. Msidhani hili la afya ya mimea ni la mashambani tu, nchi zinalitumia kufunga biashara. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, malori yakakwama Namanga. Aprili 2025 waziri wa kilimo wa wakati huo, Bashe, akatangaza kuzuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi kwa kuwa wao walikuwa wamezuia ya kwetu, ndizi zikiwemo, mpaka walipokaa mezani. Sasa tukiwa na ugonjwa ambao hatuudhibiti tunakuwa tumewapa watu sababu ya kutufungia, na safari hii watakuwa na haki.

Na kwa wanaosafirisha ndizi kwenda Dodoma na Dar naomba niulize, yale majani ya migomba tunayotandika kwenye lori na kufunikia mikungu, hayana shida? Maana tunayamwaga popote tukishashusha.

Bwanashamba_Mstaafu

Yana shida tena kubwa, na ndo kitu ambacho nilikuwa nasubiri mtu akiseme. Mkungu wenyewe kwa BBTD hatari yake ni ndogo, ila jani bichi linaweza kubeba vidukari vilivyotoka kwenye mgomba mgonjwa. Na kwa ule mnyauko wa bakteria, unyanjano, jani na mkungu na hata ua dume vyote vinabeba. Ule mnyauko uliandikwa Ethiopia 1968, ukaingia Uganda na Kongo 2001, Kagera kwetu 2006, na sehemu kubwa ya safari hizo ilikuwa ni biashara ya ndizi, majani, na visu. Tandikeni nyasi kavu au turubai. Majani msiyatoe shambani.

Alafu msichanganye magonjwa haya mawili maana matunzo yake ni tofauti. Unyanjano unasambaa kwa panga, kwahiyo panga lipitishwe kwenye moto au kwenye Jiki kila unapohama shina, na ukilikata bua linatoka ute wa njano. BBTD haisambai kwa panga, hata ulioshe mara mia haisaidii, huo ni wa vidukari na miche.

Heru_Juu

Bwanashamba asante sana. Mimi nipo Kasulu, nina migomba miwili imesimama kama mlivyoeleza, majani membamba yamebanana, na hivyo vidoti vya kijani nimeenda kuangalia sasa hivi vipo. Miche hiyo nilipewa na ndugu yangu wa Manyovu mwaka jana. Nifanyeje? Nikate tu?

Bwanashamba_Mstaafu

Usikate kwanza! Ukikata na vidukari vipo vinahama vinakwenda kwenye mgomba wa pembeni na kirusi mdomoni. Anza kuviua. Pulizia dawa ya wadudu mpaka chini kwenye ala, au kama huna mimina mafuta ya taa kidogo pale juu katikati ya majani yanapotokea, yashuke ndani. Acha vife, ndo ung'oe. Na unang'oa shina zima, mama na watoto wote wanaotoka kwenye kisiki kimoja hata wale wanaoonekana wazima, maana kirusi kiko kwenye kisiki. Kikatekate kile kisiki vipande vidogo vikauke na jua, ukikiacha kizima kitachipua. Usiburuze majani kupita katikati ya shamba.

Baada ya hapo kagua migomba yote iliyobaki kila wiki, geuza majani machanga uangalie. Usipande mgomba pale mpaka uwe na uhakika hakuna kinachochipua, na ukipanda tafuta miche ya maabara au shamba lililokaguliwa.

Piga picha kabla hujang'oa, umpelekee afisa kilimo wa kata ili TPHPA wapate taarifa. Na mpigie ndugu yako wa Manyovu leo leo, muulize miche kama hiyo kawagawia nani wengine.